Firigisi ya Bata Mzinga

Mume wangu na kaka yangu waliacha kusemezana tarehe 21 Mei mwaka 2006, saa nane mchana, kwa sababu ya firigisi ya kuku. Nasema saa nane kwa kuwa nilikuwa nimesimama pale pale, upawa mkononi, na saa ya ukutani ilikuwa mbele yangu. Watu huniuliza kama hapakuwa na sababu nyingine iliyojificha chini ya hiyo. Hapakuwa. Ningefurahi sana kama ingekuwepo.

Siku hiyo binti yetu Gift alipata kipaimara. Tulitoka kanisani, tukajazana katika nyumba yetu ya ghorofa ya kumi na moja hapa Flemingdon Park, Canada, mimi nikapakua. Kwa mume wangu Dismas, mtu wa Bukoba, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mama yake alizaa watoto tisa na kuchinja kuku wasio na idadi, akazikwa bila kujua firigisi ina ladha gani. Kwetu Kasulu, nyumbani kwa baba yetu, firigisi ilikuwa ya mgeni. Baba angeweza kukunyima shamba, lakini firigisi ungekula. Miaka yote ya ndoa nilimpa Dismas firigisi yake bila ubishi, maana wageni wetu walikuwa wa kupita tu. Lakini siku ile mgeni alikuwa Onesphore, kaka yangu wa pekee, mjomba wa mtoto, aliyetutangulia Canada na kutupokea uwanja wa ndege akiwa na makoti matatu ya baridi. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Firigisi ikatua kwenye sahani ya kaka.

Dismas akaitazama. Akasema, "Naona nyumba hii imepata mwenyewe mwingine."

Kaka angeweza kucheka. Angeweza kuikata vipande viwili. Angeweza hata kujifanya hakusikia, jambo analoliweza vizuri sana, kwani alisoma seminari. Badala yake alisema, "Shemeji, kama una njaa, chukua," kisha akaitia mdomoni.

Basi. Miaka minne na ushee.

Waswahili husema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Wakisema hivyo huwa hawaulizi nyasi zenyewe zinajisikiaje. Dismas ni dereva wa basi la shule kule North York. Onesphore alifanya kazi ya kompyuta na kuishi Markham, kwenye nyumba yenye gereji ya magari mawili na gari moja. Walikutana kwenye misa ya Kiswahili, kwenye ubatizo, kwenye matanga, na kila mara nilikaa katikati yao. "Mama Gift, mwambie kaka yako ameacha taa za gari zinawaka." "Dada, mwambie mumeo nashukuru." Kati ya mdomo wa mmoja na sikio la mwingine nilikuwepo mimi tu, na mimi si mnene. Wangeweza kusikiana hata kama wangenong'ona. Lakini kila mmoja alisubiri nirudie, neno kwa neno, ndipo ajibu.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mwaka 2010 kaka alinipigia simu kazini. Mimi hufua nguo kwenye nyumba ya wazee karibu na Don Mills, na mashine zikizunguka husikii vizuri, kwa hiyo nilimfanya aseme mara mbili.

"Doro, narudi nyumbani."

"Likizo?"

"Moja kwa moja."

Mama yetu alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikuwa ameanguka mara mbili mwaka ule, na kuletwa Canada alikataa kata kata. Alisema hawezi kwenda kufia ndani ya friza. Kaka alikuwa ameuza nyumba, ameacha kazi, amekata tiketi ya Jumatano tarehe 13 Oktoba. Aliyapanga yote kwanza, ndipo akaniambia, kama kawaida ya wanaume wa kwetu.

Nilikwenda stoo nikakaa juu ya magunia ya mashuka, nikalia. Kisha nikakasirika, maana hasira ndiyo naiweza zaidi. Nilijiona miaka ijayo nikipokea simu usiku kwamba mmoja wao amekufa, na mwingine amekaa sebuleni hajui auweke wapi uso wake, kwa kuwa neno la mwisho kati yao lilihusu kuku. Nikaapa pale juu ya mashuka ya watu: kabla ya ndege ya Jumatano hawa wawili watasemezana, hata kama ni kutukanana, mradi waambiane wenyewe.

Ikabaki swali la chakula. Nilifikiri siku tatu. Kuku hakuwezekana. Mbuzi ana kidari, na kidari nacho kina sheria zake. Samaki pia ni hatari, maana Dismas anaamini Mungu aliumba sangara kisha akapumzika, na kaka anaamini hivyo hivyo kuhusu migebuka. Siku ya nne nikapita mbele ya duka nikaona tangazo la Sikukuu ya Shukrani, ambayo huku huwa Jumatatu ya pili ya Oktoba. Mwaka ule iliangukia tarehe 11, siku mbili kabla ya safari. Kwenye tangazo palikuwa na bata mzinga amelala chali kwenye sinia.

Nikasimama. Bata mzinga! Hakuna mzee yeyote Bukoba wala Kasulu aliyewahi kukaa akaamua bata mzinga ni wa nani. Paja lake halina mwenyewe. Mgongo wake haudaiwi na shangazi yeyote. Ni ndege asiye na mila. Niliipenda sana akili yangu siku hiyo.

Nilikimbilia kwa jirani yangu Sakarbai kumweleza. Sakarbai ni mjane wa Kiismailia, mlango wake unatazamana na wetu. Alizaliwa Ujiji, baba yake akiuza vitenge, na Kiswahili chake ni kisafi kuliko changu. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua dengu.

"Mwanangu," akasema, "bata mzinga ni kuku aliyepewa cheo. Lakini haya, jaribu. Tena nunua wa halali, nami nile. Watu wengine mezani huwatia wanaume aibu."

Kualika nako kulikuwa kazi. Dismas alikuwa anavua viatu.

"Nimemwalika kaka Jumatatu ya sikukuu," nikasema.

"Nyumba ni yako pia," akajibu.

"Anaondoka moja kwa moja, Baba Gift."

Alibaki ameshika kiatu kimoja kwa muda. "Mimi sitaanza kuongea," akasema.

Nikampigia kaka. Kaka akasema atakuja, atakuja mapema, ataleta juisi, ila kuna jambo moja.

"Hutaanza kuongea," nikasema.

"Umejuaje?"

Bata tulimwagiza kwenye bucha ya halali, na Ijumaa kabla ya sikukuu nikaenda na Sakarbai kumchukua. Kilo nane. Mwenye bucha alimfunga vizuri, akanikabidhi, kisha akasema, kwa wema kabisa, kwamba vitu vya ndani amevitia kwenye mfuko mdogo, humo humo tumboni.

"Vitu gani?"

"Shingo. Moyo. Ini. Firigisi."

Nilikuwa nimefikiri kila kitu. Kuhusu mila nilifikiri, kuhusu viti nilifikiri, hata sala nilishaipangia mtu. Sikufikiri kwamba bata mzinga naye, kama ndege wote wa Mungu, lazima asage chakula chake. Sakarbai alinitazama, akatazama mfuko, akaenda kuchagua ndimu.

Tulifanya kikao jikoni kwangu, mimi, Sakarbai na Gift. Firigisi ilikuwa mezani ndani ya bakuli. Ilikuwa kubwa. Kwa kuku ungeweza kusema bahati mbaya, mtu hakuiona. Hii ilikuwa sawa na ngumi ya mtoto.

"Mama, just throw it out," akasema Gift. Alikuwa na miaka kumi na saba, na Kiswahili alikielewa chote ila alikijibu kwa Kiingereza. "People throw it out. It's literally garbage."

Nikamwambia asirudie kuiita takataka mbele ya baba yake.

"Isage," akasema Sakarbai. "Itie kwenye mchuzi. Kila mtu atakula kidogo, wala hakuna atakayejua."

"Dismas atajua. Dismas huitafuta kabla hajakaa."

"Basi nunua ya pili. Kila mmoja ale yake."

Hilo nililifikiria sana. Lakini ya pili ingekuwa ya kuku au ya bata mwingine, na mbili hazilingani kamwe. Mmoja angepata kubwa. Ningekuwa nimeongeza ugomvi badala ya kuupunguza.

Tukaachana bila uamuzi. Jumamosi sikuamua. Jumapili nilikwenda kanisani, nikakomunika, nikarudi, sikuamua.

Jumatatu niliamka saa kumi na moja alfajiri. Nilimwosha bata kwa ndimu na chumvi, nikamkanda kwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na maziwa ya mgando ya Sakarbai. Tumboni nikamjaza ndizi za Bukoba zilizopikwa nusu, badala ya mikate wanayojaza watu wa huku. Nilimfanyia hivyo Dismas makusudi, ili awe na kitu cha kwao ndani ya ndege. Pembeni nilipika migebuka kwa nazi na ugali wa muhogo, makusudi vile vile, kwa ajili ya kaka. Haki lazima ionekane inatendeka.

Ugomvi wa asubuhi ulikuwa kati yangu na Gift. Mimi nyama nisiyoijua huichemsha kwanza. Nimeishi miaka hamsini kwa kanuni hiyo na hakuna aliyeugua. Nilikuwa nimekwisha shika kisu nimkate bata viungo, maana sikuwa na sufuria ya kumtosha mzima, Gift akaja akasimama kati yangu na bata.

"No. You don't boil a turkey. And you don't chop it. The whole point is it's whole."

"Huyu ni kilo nane. Ataiva lini?"

"Four hours. Trust the oven."

Sikuiamini oveni. Hata sasa siiamini. Lakini mtoto alikuwa amesimama kama askari, na mimi nilihitaji kuhifadhi nguvu zangu kwa ajili ya wanaume. Bata akaingia mzima. Firigisi niliichemsha peke yake kwenye sufuria ndogo, saa mbili na nusu, na kila nilipoichoma kwa uma, uma ulirudi. Nikaiweka kwenye kisosi, nikaifunika, nikaificha nyuma ya birika. Mpango wangu ulikuwa huu: nisipoulizwa, sitasema.

Meza niliazima kwa Sakarbai, ya mviringo. Meza ya mviringo haina kichwa, hakuna wa kukaa mbele wala nyuma. Hilo, ukiniuliza, ndilo jambo pekee nililolipanga vizuri siku hiyo.

Kaka alifika saa saba na nusu na chupa nne za juisi. Alikuwa amekonda. Alimkumbatia Gift, akamsalimu Sakarbai kwa shikamoo ya kuinama kabisa, akanishika mabega akanitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia Dismas. Dismas akamgeukia. Wakatikisiana vichwa, mara moja kila mmoja, kama madereva wanaopishana njiani.

Gift alisali. Nilimpa kazi hiyo kwa sababu sala ya Kiingereza ni fupi na haimchomi mtu. Dakika haikufika. Gift huyo huyo akamkata bata, kwa namna aliyojifunza kwenye kompyuta, maana kisu nacho sikutaka kiwe mikononi mwa upande wowote. Bata alikuwa ameiva. Niliudhika kidogo, lakini alikuwa ameiva vizuri. Watu wakala. Kaka alichukua ndizi mara mbili. Dismas aligusa migebuka, akaongeza. Kwa dakika ishirini hivi nilisikia vijiko tu, na Sakarbai akimsimulia Gift habari za treni ya Kigoma. Nikaanza kujidanganya kwamba tumevuka.

Dismas akaweka uma chini.

"Mama Gift," akasema. "Hili dege halikuwa na firigisi?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimekomunika jana yake tu, na tena kaka naye aliinua kichwa.

"Dada," akasema kaka, "mwambie mumeo kwamba hata mimi nilikuwa najiuliza."

Nikaenda nyuma ya birika. Nikaja na kisosi, nikakiweka katikati ya meza, umbali sawa kwa kila mtu, nikafunua. Wote tukaitazama. Sakarbai akavua miwani akaifuta.

"Mpe kaka yako," akasema Dismas. "Ni mgeni. Tena yuko safarini."

Nikadhani yamekwisha. Miaka minne! Lakini alikuwa anasema nami, na alisema kwa uso wa mtu anayetia sahihi karatasi asizozipenda.

Kaka akakisukuma kisosi kwa kidole. "Dada, mwambie asijisumbue. Mwenye nyumba ale chake."

Dismas akakirudisha. "Mama Gift, mwambie mimi sina njaa."

Nilifumba macho. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa ameliweka lile neno la njaa, amelitunza, amelipigia pasi.

"Dada, mwambie sikuja hapa kwa ajili ya firigisi."

"Mwambie hata mara ile hakuja kwa ajili yake. Lakini aliila."

"Dada, mwambie kwetu mtu akipewa kitu na dada yake hakikatai."

"Mama Gift, mwambie kwetu mtu akipewa kitu kisicho chake huuliza."

Kisosi kilikwenda, kikarudi. Nami nilikuwa narudia kila neno kama kawaida, kwa mazoea, mpaka nikajisikia naliambia kila upande tusi la upande wa pili kwa sauti yangu mwenyewe. Nikanyamaza. Wakaendelea kunisemesha. Kisha nikamwona kaka akikunja kitambaa chake cha mezani, mara mbili, akakiweka kando ya sahani. Namjua kaka yangu. Akishakunja kitambaa, amekwisha ondoka, bado miguu tu. Akaanza kurudisha kiti nyuma. Nikaona jinsi itakavyokuwa: lifti, gari, Jumatano, ndege. Nikaona na simu ya usiku.

Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda mwaka 2006, ila safari hii ulikuja kwangu. Niliichukua firigisi nikaitia mdomoni yote.

Mimi nilianza kutafuna. Ilikuwa ngumu. Ilikuwa ngumu kupita kiasi, na kubwa, na nilikuwa nimeitia nzima, kwa hiyo sikuweza kuimeza wala kuitoa. Nilitafuna huku nikitazama ukuta.

"Mama Gift," akasema Dismas. "Mwambie kaka yako..."

Akanitazama. Mashavu yangu yalikuwa yamejaa. Hapakuwa na wa kumwambia mtu kitu. Dismas akamtazama Sakarbai, na Sakarbai akatazama dirishani. Akamtazama Gift, na Gift alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Mwisho hakubaki mtu mwingine.

"Shemeji," akasema Dismas. "Umemwona dada yako?"

Kaka alikuwa bado nusu amekaa, nusu amesimama.

"Nimemwona, shemeji."

"Kwenu wanawake wanakula firigisi?"

"Kwetu? Hata siku moja! Mama yetu ana miaka themanini na mmoja na hajaigusa. Nilidhani mambo haya ameyapata kwenu."

"Kwetu! Mama yangu mimi amezikwa, shemeji, amezikwa, hajui hata ladha yake."

"Basi ni Canada hii."

"Ni Canada. Unalea mke vizuri kabisa, unaleta huku."

Kaka akakaa. Akakivuta kiti karibu. Kuhusu firigisi ni ya nani, Bukoba na Kasulu hazikuwahi kukubaliana, lakini kuhusu nani haimhusu kabisa, zilikuwa kitu kimoja. Walinijadili pale pale mbele yangu kwa robo saa, jinsi nilivyobadilika, jinsi nisivyoambilika, wakikatizana maneno kwa furaha, na kila "shemeji" iliyotoka nilihisi ikinishuka kooni pamoja na ile nyama. Machozi yakanitoka. Wakadhani ni majuto.

"Mwanangu," Sakarbai akaninong'oneza, "ni tamu?"

Nikatikisa kichwa. Haikuwa na ladha yoyote. Ilikuwa na ladha ya kuchemshwa.

Walikula mpaka wakamfikia bata mifupani. Waliihukumu nyama yake kuwa kavu, wakaongeza. Kisha Dismas akasema anataka kumwonyesha shemeji yake mlio fulani kwenye gari, wakashuka. Walikaa chini huko saa mbili. Nilikuwa nikiosha lile sinia la bata, ambalo halikuingia kwenye sinki, na kila mara nilikwenda dirishani kuwatazama: boneti iko wazi, vichwa viwili vimeinama ndani yake. Nilikuwa na furaha kuliko siku ya harusi yangu. Nasema kweli. Siku ya harusi viatu vilinibana.

Walipopanda juu, jua lilikuwa limeshuka na kaka alitakiwa kwenda kumalizia mizigo. Alinikumbatia mlangoni. Juu ya bega langu alikuwa bado anamwambia Dismas habari ya mafuta ya injini.

"Tutaongea, Doro," akasema.

Jumatano Dismas alichukua ruhusa kazini akampeleka uwanja wa ndege. Mimi sikwenda. Siku yangu ya ruhusa nilikuwa nimeitumia kupika, na hata hivyo mabegi yalijaza viti vyote vya nyuma. Dismas alirudi jioni, macho mekundu. Alikaa mezani bila kuvua koti.

"Tumelia," akasema. "Watu wazima, pale mbele ya polisi. Mama Gift, yule ni mtu mzuri sana. Miaka minne tumeipoteza bure."

Nikamwambia pole. Nikamwekea chai. Miaka ile minne yeye na kaka waliipoteza, lakini mimi sikuipoteza hata wiki moja. Kaka alinipigia kila siku alipotoka kazini, kwanza kwa sababu alikuwa na ujumbe wa kumpa Dismas, na ujumbe ukiisha tuliendelea, habari za baba, za shule, za mtu fulani wa Kasulu aliyeoa tena. Sikuwahi kujiuliza ingekuwaje kama ujumbe ungekosekana.

Sasa Dismas hununua kadi ya simu kila Jumamosi, ya dola tano, na Jumapili baada ya misa humpigia shemeji yake. Kaka amenunua pikapu kuukuu kule Kasulu, haitaki kuwaka asubuhi, na Dismas anaitibu kwa simu kutoka Flemingdon Park. Anamwambia aisikilize, aizime, aiwashe. Wanacheka. Wanaitana shemeji kila baada ya maneno matatu. Mimi napita na sahani, narudi, napita tena. Hilo ndilo nililolitaka, na nililipata, na linaniuma. Sina wa kumlalamikia, maana niliyezoea kumlalamikia ndiye huyo yuko kwenye simu na mume wangu.

Jumapili moja ya mwezi wa pili, theluji ikianguka, nilimwambia Dismas kwamba leo naongea mimi. Akasema bila shaka, ni kaka yako. Akamalizia habari ya betri, akamalizia habari ya waya za betri, akanipa simu.

"Kaka," nikasema.

Yule mwanamke aliyerekodiwa kwenye kadi ya simu akaingia kati, akasema kwa Kiingereza chake kizuri kwamba imebaki dakika moja.

Nilikuwa na mengi. Nilitaka kujua mama analala upande gani siku hizi, kama goti aliloumia alipoanguka limepona. Nilitaka kumwambia kwamba juzi nilikwenda Markham kikazi, nikapita mbele ya nyumba yake, nikaona wameng'oa vichaka vya maua.

"Kaka, umekula?" nikasema.

"Nimekula, Doro. Mama hajambo, anakusalimu sana. Hebu nipe shemeji mara moja kabla haijakatika, kuna kitu nimesahau kumuuliza."

Nikampa Dismas simu.